Bustani ya Kipupwe katika Nchi ya Uha

  Wewe uliyeketi darasani pamoja na wenzako, na wewe unayesoma karatasi hii peke yako nyumbani kwa kuwa siku ya somo ulikuwa na mgonjwa au mgeni, nyote mnakaribishwa.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: kipupwe, bonde, samadi, umbali. Maneno matatu ya kwanza kila mtu wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo anayajua tangu utotoni. Neno la nne ndilo tutakalolitazama sana leo. Maana historia ya bustani zetu, ukiichungua vizuri, ni historia ya umbali: hatua ngapi kutoka mlangoni mpaka penye mboga, na hatua ngapi kutoka penye mboga mpaka penye maji.

Pengine mmoja wenu atauliza, "Je, historia si habari za wafalme na vita? Mboga zimeingiaje?" Swali hilo ni la haki. Wafalme tutawataja, na serikali nne tutazitaja. Lakini mama anayechuma majani ya maboga mwezi wa Agosti, wakati mlima mzima umekauka na kuwa rangi ya simba, anafanya kazi ambayo mama yake aliifanya, na bibi yake, na wote hao walipata taabu zao katika kuifanya. Taabu hizo ndizo somo la leo.

Kwanza tuelewane juu ya majira. Katika nyanda za juu za Uha mvua huanza kunyesha mwezi wa Oktoba na kukoma mwezi wa Mei. Baada ya hapo huja Juni, Julai na Agosti, miezi mikavu, ambayo usiku wake una baridi ya kumfanya mzee asogeze kigoda karibu na moto. Hicho ndicho kipupwe. Watu wa Ulaya nao wana majira yao ya baridi, lakini baridi ya kwao ni ya namna nyingine. Huko maji yaliyomo udongoni huganda yakawa magumu kama jiwe. Mwenye bustani hufunika mimea yake kwa majani makavu, akaingia ndani, akangoja. Sisi tuko karibu na Ikweta, kwenye digrii 4 hivi kusini yake, na udongo wetu haugandi. Kwetu sisi kinachoizuia mbegu isiote katika kipupwe si baridi. Ni kiu.

Na baridi yetu, kwa kuwa ni ya kiasi, ina faida. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Manyovu iko juu ya mita 1,500. Mtu akipanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi. Ndiyo sababu mchikichi hustawi Ujiji kandoni mwa ziwa lakini hauoni raha juu ya vilima vyetu. Na ndiyo sababu kabichi, ambayo asili yake ni pwani za Ulaya zenye ubaridi, hufunga vizuri huku juu, na kule chini huona joto limezidi. Tena katika miezi mikavu ukungu unaoozesha majani ya nyanya na viazi hupungua, kwa maana ukungu hupenda majani yaliyolowa. Kwa hiyo kipupwe ni wakati mzuri wa bustani, ila kwa jambo moja tu: maji lazima yaletwe na mtu.

Basi sasa tufanye hesabu. Chukueni kalamu.

Tuta la mboga lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 5. Katika kipupwe cha nyanda za juu, jua na upepo na mimea yenyewe hunywa maji kiasi cha milimita 4 kwa siku. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kwa hiyo, 4 mara 5 ni 20. Tuta moja lataka lita 20 kila siku, yaani ndoo moja kubwa. Nyumba yenye matuta matano yataka ndoo tano.

Kama kijito kiko karibu, dakika 5 kwenda na dakika 10 kurudi kwa kuwa kurudi ni kupanda, basi ndoo tano ni dakika 75. Kazi hiyo mama na watoto wake wanaweza kuigawana, asubuhi na jioni. Lakini kama kwenda ni nusu saa na kurudi ni nusu saa, ndoo tano ni saa tano nzima. Hapo hakuna bustani. Hapo mama huyo atateka maji ya kupikia na ya kunywa, na mboga zitakufa. Si uvivu. Ni hesabu.

(Mwalimu asimamishe hapa kidogo, kila mwanafunzi afanye hesabu ya nyumbani kwake.)

Wazee wa Uha hawakuandika hesabu hii, lakini waliijua. Tazama walivyokaa. Zamani Waha hawakuishi katika vijiji vyenye mitaa na nyumba zinazotazamana. Kila jamaa walikaa juu ya kilima chao, nyumba ndani ya ua, migomba imeizunguka. Majivu ya jikoni, maganda, takataka za kufagia na samadi ya zizi vyote viliishia chini ya migomba na katika kipande kidogo cha mboga kilichokuwa hapohapo. Udongo huo, mwaka baada ya mwaka, uligeuka mweusi na laini. Mbali zaidi, kwenye miteremko, kulikuwa na ulezi na mtama ambao hungoja mvua tu na hauhitaji kutazamwa kila siku. Na chini, miguuni pa kilima, lilikuwako bonde.

Bonde ni ndoo isiyobebwa. Mvua iliyonyesha mlimani kuanzia Oktoba hushuka polepole ndani ya ardhi na kutokea chini katika miezi mikavu. Kwa hiyo mwezi wa Juni, juu kukiwa kumekauka, chini udongo bado ni mweusi na wenye unyevu. Watu walishuka, wakafyeka majani, wakainua matuta ili mizizi isisimame majini, wakapanda maharage, mahindi na viazi vitamu. Maharage ya bondeni hutoa majani ya kupika baada ya wiki chache, na baada ya miezi mitatu hivi huvunwa, wakati ghala la mavuno ya mvua limeanza kuonyesha sakafu yake.

Tena bonde lilikuwa ghala la mbegu, na jambo hili watu wengi hulisahau. Viazi vitamu havipandwi kwa mbegu bali kwa marando. Kiangazi kikiua marando yote mlimani, mvua ya Oktoba itakapokuja utapanda nini? Marando yaliyokaa kijani bondeni wakati wa kipupwe ndiyo yaliyopandwa mlimani mvua ilipoanza. Hali kadhalika maharage yaliyovunwa bondeni mwezi wa Septemba yalikuwa mbegu mpya, yenye nguvu, kwa msimu uliofuata.

Nimesema maharage, mahindi na viazi vitamu kana kwamba vilikuwapo tangu mwanzo. Havikuwapo. Ulezi na mtama ni wenyeji wa Afrika, na kunde pia, na mnavu na mgagani ni mboga za hapa kwetu. Migomba ilitoka Asia ya kusini mashariki, lakini imekaa katika nchi za maziwa makuu kwa zaidi ya miaka 1,000, hata imekuwa ndugu wa nyumbani. Mahindi, maharage, viazi vitamu, maboga, mihogo na nyanya vyote asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari baada ya mwaka 1500, vikaingia Afrika kwa pwani ya magharibi na pwani ya mashariki, vikapita kutoka mkono hata mkono mpaka vilimani kwetu. Hakuna bwana shamba aliyevileta. Hakuna amri iliyotolewa. Mtu aliona mbegu kwa jirani au sokoni, akaomba kidogo, akaipanda karibu na nyumba mahali anapoweza kuiangalia, akaona inavyokwenda. Bustani ya mlangoni ilikuwa shule ya mimea. Mmea uliofaulu hapo ulipelekwa shambani au bondeni. Ulioshindwa haukumletea mtu njaa, maana ulikuwa kipande kidogo tu.

Biashara ya misafara iliongeza mwendo huo. Burton na Speke, Waingereza wawili, walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakakuta njia ya wafanya biashara imekwisha kufunguliwa na Waarabu na Waafrika kabla yao. Stanley alipita katika nchi ya Uha mwaka 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, na watawala wa Uha walimtoza hongo ya nguo mara kwa mara, hata akaamua kuondoka usiku na kuiacha njia kubwa. Mimi siwalaumu watawala hao. Msafara hula chakula, na chakula hicho kilitoka katika mashamba ya watu wao.

Sasa turudi kwenye neno samadi. Katika Heru na falme nyingine za Uha, ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa watawala na matajiri. Mtu asiye na ng'ombe aliweza kupewa ng'ombe wa kutunza, naye akamtumikia mwenye ng'ombe. Desturi hiyo iliitwa ubugabire. Watu wakiisimulia leo hutaja maziwa na heshima. Lakini muulize mkulima ye yote, atakuambia kwamba samadi ilikuwa na thamani kubwa vilevile. Ng'ombe mmoja zizini maana yake migomba minene na mboga nyeusi za kijani. Basi fikiri ilivyokuwa pale ugonjwa wa sotoka ulipoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1891 na kuua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Watu walipoteza maziwa siku ileile. Samadi waliipoteza polepole, msimu baada ya msimu, udongo ulipozidi kuchoka.

Baada ya sotoka wakaja watawala wapya, mmoja baada ya mwingine. Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, na reli yao kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Vita vikaja, na kutoka mwaka 1916 Wabelgiji walishika nchi hii mpaka mwezi wa Machi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Mpaka na Burundi ukabaki pale ulipo, ukiwatenga watu ambao lugha zao hazitofautiani sana na ambao walikuwa wakiazimana mbegu tangu zamani.

Kwa upande wa bustani, jambo kubwa la watawala hao lilikuwa amri. Waingereza walitoa sheria mwaka 1926 iliyowapa wenyeji wenye mamlaka, yaani machifu, uwezo wa kuwaamuru watu kupanda mazao ya kuzuia njaa, hasa mihogo. Upande wa pili wa mpaka, baada ya njaa kali ya Rwanda ya mwaka 1928 na 1929, Wabelgiji waliwalazimisha watu kupanda mihogo na kulima mabonde yenye maji. Angalieni jambo hilo. Kulima bondeni kulikuwa maarifa ya watu wenyewe, sasa kukawa kazi ya kusimamiwa. Sisemi kwamba mihogo ilikuwa mibaya. Imeokoa nyumba nyingi. Nasema kwamba mtu aliyepanda kwa amri hakuchagua mbegu, wala mahali, wala siku. Na mazao hayo nayo huugua: katika miaka ya 2000 batobato kali ya mihogo iliingia mkoa wa Kigoma, na watu waliotegemea zao moja waliona cha moto.

Sasa tumefika mahali pazito, nanyi wazee mliomo darasani mnaweza kumsaidia mwalimu.

Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi katika pori la mashariki ya Uha, upande wa Kibondo na Kasulu. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o. Serikali ya Waingereza iliamua kuwakusanya watu waliotawanyika porini na kuwaweka pamoja katika makazi makubwa, ili miti ikatwe na mbung'o akose kivuli. Lazima tuseme kweli: malale yalipungua, na watu waliopona walikuwa watu, si hesabu. Lakini walioondoka waliacha mabonde yao. Mahali palipokuwa na matuta ya maharage mwezi wa Julai paliota majani marefu, na nyati wakarudi. Katika makazi mapya maji na udongo mzuri viligawanywa kwa watu wengi, na aliyechelewa alipata kipande cha mbali. Umbali ukaingia kati ya mlango na mboga.

Umbali wa pili ulikuwa wa wanaume. Tangu zamani za Wajerumani Waha walikwenda pwani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chama chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, na Kigoma ikawa moja ya nchi zake kubwa za kutafutia watu. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wimbi hilo lilichukua mikono yenye nguvu, ile ya kufyeka bonde na kuchimba mifereji. Mama akabaki na jembe, watoto, wazee, na bonde ambalo majani yake hayangoji mtu arudi kutoka Tanga. Kwa hiyo mama alilima kile alichokiweza: kipande cha mlangoni, na matuta machache bondeni kwa msaada wa majirani. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 na 1950 kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililokuwa geni katika Tanganyika nzima. Mara nyingi husimuliwa kama ajabu. Mimi naona kwamba wakati ule, vilima vingi vya Uha vilikwisha kuwa mikononi mwa wanawake, hata kama hakuna aliyewapa kiti.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kwa sheria. Halafu ukaja mwaka 1972.

Mwaka huo ilianza Operesheni Kigoma, kabla ya operesheni ya vijiji kuenea nchi nzima. Watu walitakiwa kuhama kutoka vilimani na kukaa pamoja katika vijiji vya ujamaa, kandoni mwa barabara. Nia yake ilielezwa waziwazi: shule, zahanati, maji ya bomba, na kilimo cha pamoja. Shule zilijengwa, na pengine wewe mwenyewe au mzazi wako alisoma herufi ya kwanza huko. Kwingine watu walihama kwa hiari, kwingine nguvu zilitumika. Yote hayo yanajulikana. Lakini bustani hazikuandikwa sana katika taarifa, basi sisi tuziandike hapa. Lori laweza kubeba kitanda, chungu, kuku na bibi kizee. Udongo mweusi uliolishwa samadi kwa miaka 30 haupakiwi kwenye lori. Mgomba unaozaa haupakiwi. Watu walifika barabarani penye udongo mwekundu uliochoka, wakaanza upya na kiganja cha majivu. Baadhi walikuwa wakirudi kilimani kukata ndizi zao, mwendo wa saa nzima au zaidi, mpaka migomba ikazidiwa na magugu.

Sasa sikilizeni jambo la kuchekesha kidogo, ingawa si la kuchekesha sana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na redio ikawa darasa la taifa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na watu kama milioni 2 waliisikiliza na kuijadili katika vikundi, vyoo vikachimbwa. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya pili kubwa, Chakula ni Uhai, iliyofundisha juu ya lishe na kuwahimiza watu walime bustani za mboga karibu na nyumba. Mafundisho yalikuwa mazuri. Lakini mama wa Uha aliyekaa chini ya mti akiisikiliza redio hiyo alikuwa amehamishwa kutoka kwenye bustani yake miaka mitatu tu kabla. Sijui alimwambia nini jirani yake. Najua tu kwamba alipanda tena, kwa kuwa mboga ziko.

Zilirudi namna gani? Kwa kazi, na kwa maarifa yaleyale. Tuyataje sasa, maana kipupwe hakingoji.

Anza mapema. Mbegu za kabichi, nyanya na vitunguu huwekwa kitaluni mvua ikiwa inaelekea kukoma, mwezi wa Aprili au Mei, ili miche ihamishwe udongo ungali na unyevu wake. Anayeanza Julai amekwisha kushindwa na hesabu ya ndoo. Miche ihamishwe jioni, jua likiwa limepungua, ipate usiku mzima wa kupumzika kabla ya kulionja jua. Kabichi zisibanane, acha nafasi kama ya mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, au zaidi.

Tuta la kiangazi si tuta la masika. Wakati wa mvua tunainua tuta ili maji yatoke. Wakati wa kipupwe, kama bustani iko mlimani karibu na nyumba, fanya kinyume: chimba tuta lizame kidogo chini ya usawa wa ardhi, maji unayomwaga yakae na kunywewa pale pale. Nimeona watu wengi wakiinua tuta mwezi wa Julai kwa mazoea tu, na maji yote yakikimbilia njiani. Bondeni ni habari nyingine. Huko maji yako chini, kwa hiyo tuta huinuliwa mwaka mzima.

Funika udongo. Majani makavu ya migomba au nyasi, yakiwekwa kati ya miche, hulizuia jua lisinywe maji yako. Hayo ndiyo matandazo. Yasiguse shina, maana mchwa na uozo hupita hapo. Tia samadi iliyooza, si mbichi, kwa sababu mbichi huunguza mizizi. Kagua chini ya majani kila asubuhi. Katika ukavu vidukari huzaana upesi, nao hukaa upande usioonekana. Kwa wachache, kidole na maji ya sabuni vyatosha. Wala usipande kabichi mahali palepale kila mwaka, kwa kuwa magonjwa yake hubaki udongoni yakiingoja.

Sasa nimalizie na bonde, maana habari yake haijaisha.

Mwaka 1967 watu waliohesabiwa katika mkoa wa Kigoma walikuwa 473,000 hivi. Mwaka 2022 walikuwa 2,470,000 hivi. Gawanya, utaona ni zaidi ya mara tano. Buhigwe, iliyokatwa kutoka Kasulu na kuwa wilaya mwaka 2012, ina vilima vilevile na mabonde yaleyale. Kwa hiyo bonde ambalo zamani lilitosha ukoo mmoja sasa lina wenye matuta wengi, na matuta yamesogea mpaka ukingoni mwa kijito. Watu wanachimba mifereji mirefu ili wapate nafasi zaidi. Mfereji ukichimbwa chini mno, maji yote ya bonde hukimbia. Udongo mweusi wa bondeni, ambao umetengenezwa na majani yaliyooza ndani ya maji kwa karne nyingi, hukauka, hunywea, na ukikauka kabisa huweza hata kushika moto. Hapo ndoo isiyobebwa imepasuka, na haishonwi.

Tena vijito hivi havimalizi safari yao kwetu. Vyaingia Ruchugi na Malagarasi. Malagarasi hupitia katika madimbwi makubwa ambayo mwaka 2000 yaliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu, ya kwanza kabisa kutoka Tanzania, halafu hushuka Ziwa Tanganyika. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Katika mabonde yetu membamba, hatua 80 kutoka kijitoni huweza kukufikisha mlimani tayari. Kwa hiyo mama mwenye matuta manne ya maharage anasimama kati ya mambo mawili ya kweli: mto lazima ulindwe, na watoto lazima wale mwezi wa Septemba. Jambo hilo halitaamuliwa na redio. Litaamuliwa katika mkutano wa kijiji, na katika mkutano huo anayejua kusoma sheria na kupima hatua atasikilizwa kuliko anayenung'unika nyumbani.

Kazi ya nyumbani ni hii. Hesabu hatua kutoka mlangoni pako mpaka kwenye mboga zako, na kutoka kwenye mboga mpaka kwenye maji. Kama una matuta bondeni, hesabu pia hatua kutoka tuta la mwisho mpaka ukingo wa kijito. Andika tarakimu hizo tatu katika daftari pamoja na tarehe. Kisha mwendee mwanamke mzee kuliko wote kilimani pako, mwamkie, keti, umwulize: kabla ya kuhama alilima wapi mboga za kipupwe, alitunza wapi marando, na mbegu yake ya maharage aliipata kwa nani. Andika majina ya mbegu kwa Kiha kama anavyoyatamka. Somo lijalo kila mmoja atasoma mbele ya darasa alichokiandika. Kwaherini.